Kabla hujaitangaza namba kubwa kuwa tasa

Nilipokuwa nikifundisha hisabati sekondari, mwanafunzi mmoja aliniletea 4,294,967,297 akitaka kujua kama ni namba tasa. Niliigawa kwa 3, 7, 11, 13 na nyingine zilizofuata, na nilipopita 200 huku kila mara ikibakiza kitu, nilichoka nikamjibu kwamba ni tasa. Kumbe inagawanyika kwa 641, na jibu lake ni 6,700,417.

Aibu ilinipungua nilipojua kwamba Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, naye aliamini hivyo. Namba hiyo ni 2³² jumlisha 1, na kwa kuwa ndugu zake wadogo 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja jumlisha 1) wote ni tasa, aliona na huyu hawezi kuwa tofauti, hadi mwanahisabati Leonhard Euler alipokipata kigawo 641 mwaka 1732.

Ushauri wangu ni kwamba, kabla hujagusa kikokotoo, uchunguze namba imeundwaje. Kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kidogo mno, hivyo utafutaji unaishia hapo, lakini chini ya hapo kuna namba tasa 6,542, ambazo jioni moja haizimalizi. Umbo la 2³² + 1 ndilo linalotuokoa, kwa sababu kigawo chake tasa chochote lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64. Mwaka 1878 mwanahisabati Édouard Lucas alilikaza sharti hilo hadi 128, na kwa sharti lake namba tasa za kujaribu kuanzia chini ni 257, kisha 641. Majaribio mawili tu!

Hata kugawanya kwenyewe si lazima. Angalia kwamba 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Tukihesabu kwa mabaki ya 641, yaani namba mbili tukiziona sawa zikitofautiana kwa kizidishio cha 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1, na tukiipandisha kwa kipeo cha 4, 5⁴ × 2²⁸ inakuwa sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴, kwa hiyo −2³² ni sawa na 1, maana yake 2³² + 1 haibakizi chochote. Sijaona uthibitisho mfupi unaonipendeza kuliko huu.

Ukishapata kigawo kimoja, usimwache mwenzake bila kumkagua. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589, na kwa sharti lilelile zinabaki 641, 769, 1,153 na 1,409, ambazo zote zinabakiza kitu. Basi hiyo ni tasa, na namba yetu ina vigawo vinne tu, ikiwemo 1 na yenyewe.

Wiki iliyofuata nilimrudia mwanafunzi wangu na karatasi yenye mistari minne. Ile ya kwanza, iliyokosea, ilikuwa imejaa pande zote mbili.