Usianze na Meli: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kuwatafuta Wazee Waliohama

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio. Mke wangu ni Mmarekani mwenye asili ya Poland. Baba mkwe ameniomba nimtafutie habari za babu yake, Albert Wisniewski, aliyepitia Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji cha New York, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimepekua orodha za abiria za 1900 hadi 1914, sioni Albert yeyote kutoka Poland. Wakwe wanasema karani wa pale kisiwani alimbadilisha jina. Nifanyeje?

JIBU: Habari ya karani iweke kando kwanza. Orodha ya abiria haikuandikwa Ellis Island. Iliandikwa na makarani wa kampuni ya meli kule alikopandia mtu, iwe Hamburg, Bremen, Antwerp au Liverpool. Mkaguzi wa New York alikuwa nayo mezani, akihakiki majibu ya mtu mmoja mmoja, mara nyingi kupitia mkalimani. Majina yalibadilika baadaye: kiwandani, shuleni kwa watoto, au mahakamani siku ya kuomba uraia.

Kwa hiyo huenda aliyepanda meli hakuwa Albert. Wapolandi wengi walioitwa Albert huko Marekani, kwao walikuwa Wojciech. Wala usitegemee kuikuta Poland kama nchi atokayo: kati ya 1795 na 1918 haikuwa dola. Utaona Urusi, Austria au Ujerumani, na neno "Polish" likiwa kwenye safu ya taifa au kabila, iliyoongezwa mwaka 1899.

Lakini kilichokukwamisha zaidi ni kuanza na meli. Anza na kaburi, urudi nyuma hatua kwa hatua: hati ya kifo, sensa, uraia, ndipo meli.

Sensa za Marekani za 1900, 1910, 1920 na 1930 zote zinauliza mwaka wa kuingia nchini, kisha zinaweka alama ya uraia: "Al" ni mgeni, "Pa" ameshaanza kuomba, "Na" ni raia tayari. Ile ya 1920 inataja hata mwaka wa kupata uraia. Mwaka wa kuingia usiuamini sana, upe nafasi ya miaka mitatu mbele na nyuma, maana aliyemjibu karani wa sensa mlangoni anaweza kuwa mke, mtoto au mpangaji. Alama hizo ndizo zitakazokusaidia zaidi. Ukimkuta ni "Al" mwaka 1920 na "Na" mwaka 1930, ombi lake la uraia limo katikati ya miaka hiyo kumi.

Ombi hilo ndilo la kulitafuta kwa udi na uvumba. Tangu 27 Septemba 1906, sheria mpya ya uraia ilipoanza kutumika, fomu zilikuwa za aina moja nchi nzima, na zinataja mahali na tarehe ya kuzaliwa, mke na watoto, bandari, siku ya kufika na jina la meli. Za kabla ya hapo mara nyingi ni jina la mtu na la mfalme anayemkana, basi. Kuna karatasi mbili za kutafuta: tamko la nia, kisha ombi lenyewe. Tamko chini ya sheria hiyo lilikuwa halali kwa miaka 7, kwa hiyo mtu aliweza kulitoa mji mmoja na kuomba uraia mji mwingine. Tafuta mahakama ya kaunti na ile ya shirikisho, usiishie moja. Kwa aliyeingia baada ya 29 Juni 1906, serikali iliifungua kwanza orodha ya meli, ikamtafuta, ndipo ikatoa cheti cha kuwasili. Ukikipata hicho, kazi umefanyiwa tayari. Mke wa Albert usimhangaikie kwa njia hii: hadi 22 Septemba 1922 mke alifuata uraia wa mume, na mara nyingi hana ombi lake mwenyewe.

Sasa rudi kwenye orodha. Tovuti ya FamilySearch ni bure, unajiandikisha tu. Hifadhidata ya Ellis Island nayo ni bure. Usijaze visanduku vyote, kwa sababu kila kimoja unachojaza ni mlango mwingine wa kumpoteza. Weka jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa kwa upana wa miaka mitano, acha jina la kwanza wazi. Soundex, njia ya kutafuta jina kwa mlio wake badala ya tahajia, itakusaidia, lakini ijue tabia yake. Inabakiza herufi ya kwanza, inatupa irabu, na konsonanti zinazofanana mlio inazipa tarakimu moja. Wisniewski na Wiszniewski zote zinatoka W252, vizuri. Karani akiandika Vishnefsky kwa kufuata mlio inatoka V251, na hapo hutampata hata ukikesha. Kwa hiyo jaribu pia herufi za mwanzo nyingine, pamoja na zile ambazo msomaji wa mwandiko wa kale huzichanganya: W na M, S na L, T na F. Pale programu inaporuhusu, andika *niew* (nyota inasimama badala ya herufi zozote) uone inakuletea nini.

Ukimpata usiridhike na ukurasa mmoja. Tangu 1907 orodha inatanda kurasa mbili: wa kushoto una jina, umri, kazi, kijiji, na jina na anwani ya ndugu aliyebaki nyumbani, wa kulia unataja anakokwenda na kwa nani, fedha alizonazo, urefu, rangi ya macho, na mahali alipozaliwa. Watu hupakua picha ya kushoto na kuuacha mwenzake.

Asipopatikana kabisa, huenda hakupitia New York. Kulikuwa na Boston, Philadelphia, Baltimore na Galveston. Wengine walishuka Kanada wakavuka kwa treni. Hao wamo kwenye orodha za mpakani ziitwazo za St. Albans, zinazoanza 1895. Na kama alipandia Hamburg, orodha za kuondokea za huko zipo tangu 1850 hadi 1934, zenye mapengo machache. Za Bremen nyingi zimepotea.

SWALI: Tumempata mzee wetu kwenye orodha ya 1921. Pembeni ya jina pana X, na juu ya kazi yake mtu mwingine ameandika namba yenye kistari na tarehe ya 1936. Ni makosa?

JIBU: Si makosa hata kidogo. Hiyo X ya pembeni maana yake alizuiwa, mara nyingi akisubiri ndugu au pesa ya nauli. Nenda mwisho wa orodha ya meli hiyohiyo, kwenye kurasa za waliozuiwa. Utaona sababu, jina la aliyekuja kumchukua, saa aliyotoka, na hata idadi ya milo aliyokula: kifungua kinywa, cha mchana, cha jioni. Ukiona "S.I." alifikishwa mbele ya baraza la uchunguzi. Jina likikatwa mstari mzima, angalia vizuri kabla ya kufurahi, huenda hakupanda.

Ile namba iliandikwa miaka 15 baadaye, wakati karani alipothibitisha kufika kwake kwa ajili ya uraia: ya kwanza ni wilaya ya ofisi, ya pili ni ya ombi. Maana yake 1936 alikuwa anashughulikia uraia. Anzia hapo kwenye faili za mahakama.

SWALI: Nasikia nyaraka za Ellis Island ziliungua. Mzee wetu aliingia 1893. Ndiyo basi tena?

JIBU: Moto wa 15 Juni 1897 uliteketeza majengo ya mbao pamoja na rejista za uhamiaji. Lakini idara ya forodha ilikuwa ikipokea orodha zake yenyewe tangu 1820, na za New York hadi 1897 zipo katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Tatizo ni uchache wa maelezo: nyingi zina jina, umri, kazi na nchi, basi. Kijiji kitafute kanisani.

SWALI: Sisi ni wa Mombasa. Nyumbani tunaambiwa baba wa babu yetu alitoka Punjab kujenga reli. Nimetafuta orodha za abiria za Uingereza, hayumo.

JIBU: Wala hatakuwamo, ndugu yangu. Orodha zile ni za meli zilizotoka au kuingia bandari za Uingereza. Karachi au Bombay hadi Mombasa haihusiki.

Halafu hakikisha ni reli kweli. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa vibarua wapatao 32,000 kwa mikataba ya miaka mitatu; 2,500 hivi walikufa, na waliobaki baada ya kazi ni kama 6,700 tu. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki ni kizazi cha waliokuja kwa nauli yao: wafanyabiashara, mafundi, makarani. Kama mzee alifika 1912, "alikuja na reli" huenda ilimaanisha aliajiriwa na reli, jambo jingine kabisa.

Fungua masanduku ya nyumbani kwanza. Pasipoti ya zamani hutaja mahali pa kuzaliwa. Vyeti vya kujiandikisha uraia wa Kenya, vilivyoombwa hadi 12 Desemba 1965, navyo vitafute. Gazeti rasmi la serikali, linaloanza 1899, lina matangazo ya mirathi. Mengi yamewekwa mtandaoni, tafuta kwa jina la marehemu na tahajia zake zote.

Ukishapata kijiji, angalia kiko nchi gani leo, maana Punjab iligawanywa 1947 na Sialkot na Gujranwala ziko Pakistan. Kwa familia zilizokuwa na shamba, uliza ofisi ya ardhi ya wilaya kuhusu shajra nasab, mchoro wa ukoo wa wenye ardhi. Kwa Wahindu, na kwa Masingasinga wengi wa zamani, kuna vitabu vya nasaba vya mapandit (makuhani wa Kihindu) wa Haridwar, India, vilivyopangwa kwa mahali pa asili na tabaka. Huko huulizwi mwaka wa meli. Utaulizwa kijiji, tabaka na ukoo, basi nenda navyo vimeandikwa, ikiwezekana kwa maandishi ya kwao.