Supremes hawakutoka kwa siku moja
Mkuu, umeuliza kama Supremes, lile kundi la waimbaji wa kike wa Marekani, walipasua mara tu walipoingia kampuni ya muziki ya Motown. Thubutu! Walianza 1959 Detroit wakiitwa Primettes, mabinti wanne wa shule. Berry Gordy, bosi wa Motown, akawaambia wamalize masomo kwanza. Hawakubanduka: kila wakitoka shule wako studio, wakipiga makofi na kuitikia kwenye nyimbo za wengine. Januari 1961 wakasaini, kwa jina jipya alilolichagua Florence Ballard, mmoja wao. Baada ya hapo ukame, mpaka wenzao wa Motown wakawa wanawatania kwamba ni Supremes wasio na hiti. Namba moja yao ya kwanza kwenye chati za Marekani waliipata 1964, wakiwa wamebaki watatu, kwa “Where Did Our Love Go”, wimbo ambao wenyewe hawakuupenda.