Kabla Hujalipia Darasa la Kompyuta, Tazama Nani Anashika Kibodi

Wadogo zangu mliomaliza S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, na sasa mnangoja matokeo, likizo hii ni ndefu, na wengi wenu mtaambiwa "nenda ukajifunze kompyuta." Nendeni. Ila kabla ya kutoa hata shilingi, ombeni kuingia darasani siku moja mtazame jambo moja tu: nani anashika kibodi.

Mimi naandika programu hapa Kampala, na wakati wa likizo hufundisha. Karibu kila kundi linaanza vilevile. Kompyuta moja, wanafunzi watatu au wanne. Mvulana anavuta kiti katikati, msichana anakaa pembeni na daftari. Daftari lenyewe ni la kupendeza, vichwa vya habari vimepigiwa mstari mwekundu, na wiki ikiisha mwenye daftari anaweza kukueleza kila kitu ambacho hajawahi kukifanya kwa mkono wake. Sisemi wavulana wana roho mbaya. Wengi wao vidole vilizoea mapema, kwenye vibanda vya michezo ya kompyuta, wakati dada zao wako jikoni wanamenya matoke. Wewe sema, "Sasa ni zamu yangu," ukae. Ukiona haya, mwombe mwalimu apange zamu kwa saa. Akikataa, hilo si darasa lako, hata kama cheti chao kina muhuri wa dhahabu.

Na kama nyumbani hakuna kompyuta, simu ya Android inatosha kuanzia. Pakua programu ya Pydroid 3 mahali penye Wi-Fi. Ukishaiweka, unaandika Python, lugha ya kuandikia programu, bila intaneti. Si jambo dogo, maana tangu Julai 2021 bando letu linatozwa kodi ya asilimia 12, na Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha usiku simu bado ina chaji. Kuandika kwa kioo cha simu kunachosha, sikufichi. Andika vipande vifupi.

Halafu andika kitu cha kwenu. Msichana mmoja niliyemfundisha, mama yake anauza mitumba soko la Owino, alitaka programu ya kujumlisha mauzo ya siku. Akaingiza 5000, akaingiza 2000, ikamjibu 50002000. Darasa zima likacheka: mama ameshakuwa tajiri kabla ya chai ya saa nne! Kilichotokea ni kwamba Python ikikuuliza kitu kwa input, jibu lako inalipokea kama maandishi, hata kama umeandika tarakimu tupu. Na maandishi mawili ukiyajumlisha, inayaunganisha tu, moja nyuma ya jingine. Dawa yake ni kulipitisha lile jibu kwenye int ili liwe namba. Jirani yake alishanyoosha mkono amrekebishie. Nikamwambia arudishe mkono. Yule msichana alihangaika sehemu kubwa ya kipindi, mpaka akaiuliza Python kwa type ile 5000 ni kitu gani, ikamjibu str, yaani maandishi. Hapo akaruka kwenye kiti. Angerekebishiwa, angeona 7000 na asijue imetoka wapi. Baadaye aliongeza ada ya kutoa pesa kwa wakala, kwa sababu mama yake hulipwa sana kwa simu, na hapo akajifunza if na else, yaani "kama" na "la sivyo", bila mtu kumlazimisha.

Kuna wanaoniambia Kiingereza chao ni cha kuombea maji tu. Maneno ya msingi ya Python hayafiki 40. Majina ya vitu unavyohifadhi unayatunga mwenyewe, na hakuna sheria inayokataza kuyaita mauzo, faida au deni_la_jirani.

Utasikia pia kwamba hii ni kazi ya wanaume. Waliopanga hesabu za ENIAC, ile kompyuta kubwa iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, walikuwa wanawake sita. Na hapa kwetu, Dorothy Okello, mhandisi wa umeme na mhadhiri wa Makerere, ndiye aliyeanzisha mtandao wa wanawake wa WOUGNET mwaka 2000, kisha akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama cha wahandisi wa Uganda. Mkiingia chuo kikuu cha serikali mtataniwa kuhusu ile pointi 1.5 ambayo wasichana wanaongezewa kwenye alama za kujiunga tangu 1990. Achaneni nao. Mitihani ya mwaka wa kwanza haina nyongeza ya mtu yeyote.

Mkifika kwenye miradi ya kikundi, au kazini, kibodi inabadilika sura. Kwenye GitHub, tovuti ya kutunzia programu, kila badiliko hubeba jina la mwandishi wake, na kwa kawaida ni lile lililowekwa kwenye kompyuta iliyotumika. Nimeona wasichana wakifikiria suluhisho lote, wakimwelekeza mwenzao mstari kwa mstari, naye akalituma kwa jina lake kwa sababu kompyuta ilikuwa yake. Mwajiri akifungua mradi ule, anamwona yeye peke yake. Fungua akaunti yako leo, na hata mkitumia kompyuta moja, sehemu yako ihifadhi kwa jina na barua pepe yako.

Ofisini kuna mtego mwingine, tena unakuja kwa upole: "Dada, hebu tuandikie muhtasari wa kikao, wewe una mwandiko mzuri." Mara ya kwanza andika. Mara ya pili sema, "Leo ni zamu ya nani?" huku unatabasamu. Ukinyamaza, baada ya miezi michache utakuwa karani wa timu, unaagiza rolex, zile chapati za mayai, za saa nne na kujaribu programu walizoandika wengine. Kujaribu programu ni kazi ya heshima kama umeichagua mwenyewe.

Mwisho, usafiri. Madarasa mengi ya jioni huko Ntinda na Kamwokya hutoka giza limeingia, na wazazi wana haki ya kuuliza. Tafuteni kipindi cha asubuhi, au pangeni watatu mnaokaa njia moja mrudi pamoja. Na mtu yeyote anayekuita kwenye usaili wa kazi hotelini, usiku, peke yako, usimjibu. Mpe mama namba yake.