Pikapu inamisi, fundi anataka kushusha pampu

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nina Hilux ya zamani injini 3L, nabebea viazi kutoka Makete kuja Makambako. Tangu mwezi uliopita asubuhi nikiwasha inatoa moshi mweupe mwingi unaochoma macho, inatetemeka mpaka saidi mira zinacheza, ikishapata moto moshi unapungua lakini kumisi hakuishi, ikiwa sailensi (imewashwa tu, mguu hauko kwenye mafuta) unasikia kabisa kuna silinda moja inarukwa. Mlimani na mzigo nashuka mpaka gia ya kwanza. Nshabadili filta ya dizeli na hita plagi zote nne, hamna kitu. Fundi wangu anasema tushushe pampu ya dizeli na ninunue nozeli nne mpya, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, mwingine kapita tu njiani kasikiliza kasema injini imechoka, ishuke nzima. Hela ya yote mawili sina. (Msomaji, Makambako)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wiki hii usinunue kitu. Mafundi wako wote wawili wanaweza kuwa sahihi na wote wanaweza kuwa wamebahatisha, maana hakuna hata mmoja aliyekuambia ni silinda ipi haichomi, na bila kujua hilo mtu anakutajia bei tu.

Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli iliyoingia kwenye silinda ikatoka bila kuungua. Kama moshi usingechoma na kila siku unaongeza maji kwenye rejeta ningekuambia uanze na gasketi ya silinda hedi, ila hujasema maji yanapungua kwaiyo tuiache. Hita plagi nazo kazi yake ni asubuhi, gari ya moto ikiendelea kumisi hita plagi hazihusiki, pole kwa hela.

Sasa chukua spana namba 17 na kitambaa. Washa gari, iache sailensi, alafu nenda kwenye zile nati zinazofunga mabomba ya chuma juu ya nozeli. Anza na silinda ya mbele upande wa feni, zungushia kitambaa, legeza nati kidogo tu mpaka dizeli ianze kuvuja pembeni, usikilize, kaza, nenda ya pili. Kidole na uso weka mbali, hata pampu hizi za zamani zina presha ya kuumiza, na sigara zima. Ukilegeza silinda nzima utaona injini inashtuka, mlio unashuka, inataka kuzima. Ukifika kwenye mbovu unalegeza na injini wala haijali, iko vilevile. Mtu mwingine asimame nyuma kwenye egzosi, maana mara nyingi ukilegeza ile mbovu moshi mweupe nao unapungua palepale, ile dizeli iliyokuwa haiungui sasa inamwagikia kitambaani.

Na angalia inachotoa hiyo nati. Ikitoka dizeli safi kwa kudundadunda, mafuta yanafika. Ikitoka povu kuna hewa inaingia mahali. Isipotoka kitu kabisa, hapo ndo nitaanza kumsikiliza fundi wako wa kushusha pampu.

Kwenye hili la hewa nina kovu. Pikapu yangu mwenyewe niliinunulia nozeli nne, nimefunga, inamisi vilevile, kumbe hozi ya mafuta kabla ya filta ilikuwa na ufa chini ya klipu, inavuta hewa bila kudondosha hata tone. Hozi ya kiasi cha mkono! Nozeli zile ninazo stoo mpaka leo. Kwaiyo kagua hozi zote kutoka kwenye tenki, na kama unanunua dizeli ya vidumu huko njiani fungua kikoki cha chini ya filta umwage maji yaliyokaa pale.

Tuseme umekuta ni silinda ya tatu. Usikimbilie dukani bado. Safisha vizuri kwa brashi ili mchanga usiingie, toa bomba la ritani (la kurudisha dizeli iliyobaki) linalopita juu ya nozeli, chukua soketi ndefu ya 27, fungua nozeli ya tatu na ya pili uzibadilishane, na chini uweke washa mpya (zile pete za kuzibia), za zamani ukizirudishia zitavujisha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, alafu utapata tatizo la pili juu ya la kwanza. Washa, rudia mchezo wa spana. Ugonjwa ukihamia silinda ya pili, mgonjwa ni nozeli. Hapo zipeleke zote nne kwa fundi pampu azipige kwenye mashine mbele yako, usimwachie ukaondoka. Nozeli nzima inatoa ukungu kama pafyumu na inalia kwa mkwaruzo, mbovu inakojoa au inabaki na tone linaning'inia nchani. Mara nyingi unanunua ncha moja tu.

Ugonjwa ukibaki silinda ya tatu, nozeli umezisingizia, pima kompresheni. Geji iwe ya dizeli, ya petroli haihimili. Kwa 3L injini yenye afya inasoma kama kilo 32 kwa sentimita ya mraba, mwisho wa kuvumilia ni kilo 20, na silinda zisipishane zaidi ya kilo 5. Zikiwa chini mbili zilizo jirani, hiyo ni gasketi kati yao. Ikiwa chini moja tu, kabla hujakubali kushusha injini mwambie fundi apime nafasi za valvu injini ikiwa ya baridi: za kuingiza hewa milimita 0.20 mpaka 0.30, za egzosi 0.40 mpaka 0.50. Valvu za egzosi zinajikaza polepole bila kelele, mtu anafurahi injini imetulia kumbe valvu haifungi vizuri na kompresheni inatoroka, na injini hii inarekebishwa kwa kubadili vile visahani vya juu ya valvu, ni kazi ya siku moja. Kama valvu ziko sawa na kompresheni bado iko chini, basi yule mpita njia alikuwa na masikio.

SWALI: Fundi habari, mume wangu ana Hilux Vigo D-4D nayo inamisi. Naye alegeze nati? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Nzuri dada, mwambie ASITHUBUTU. Ile ni komonireli, bomba moja la presha linagawia injekta zote (ndo nozeli zake), presha kwenye yale mabomba inapita ba 1,000, dizeli inatoka kama sindano na kupenya ngozi, na hata kitobo kidogo kidoleni ni cha kukimbiza hospitali saa hiyohiyo, si cha kusubiri kivimbe.

Hiyo inapimwa kwa mashine, fundi anasoma kila injekta kompyuta inaiongezea au kuipunguzia mafuta kiasi gani, ile iliyoachana sana na wenzake ndo ya kushukiwa. Alafu anaweka chupa nne kwenye ritani, inayojaa haraka kuliko zingine inavuja ndani. Akibadili injekta lazima aingize kwenye kompyuta namba zilizoandikwa kichwani mwa injekta, asipoingiza itaendelea kutetemeka mkadhani mmeuziwa feki. Na kama kuna masizi meusi mazito kama lami kuzunguka injekta, washa za shaba za chini zinavuja, na masizi hayo yanashuka kwenye oili mpaka yanaziba chujio la sampu (bakuli la oili chini ya injini), kwaiyo akibadili washa afungue na sampu achungulie.