Mtoeni kwenye pesa, si kwenye grupu

Mwanangu,

Umeniuliza kama mmtoe mweka hazina wenu kwenye grupu la WhatsApp, sasa mmejua pesa za matanga alizicheza kamari. Nusu yenu wanataka polisi, nusu wanasema ni mgonjwa aachwe.

Ugonjwa haufuti deni. Namba ya michango ihame leo, watu wawili wawe wanaona taarifa ya M-Pesa. Chama chetu hapa Buruburu hakuna anayeshika pesa peke yake, hata awe mchungaji. Mweka hazina wenu aandike anachodaiwa, alipe kidogo kidogo, nyote mkiona.

Lakini huo mchezo mmeuangalia? Kindege kinapaa kwenye simu, namba ya kuzidisha dau lako inapanda: 1.20, 1.80, 3.00. Kinaweza kutoweka wakati wowote, na kikienda kabla hujatoa pesa, zimekwenda. Raundi nyingi huisha kwa sekunde chache tu, nyingine inaanza. Hela za kuongeza ziko kwenye simu hiyo hiyo, saa nane za usiku, mtu amejifunika blanketi. Akishaliwa elfu mbili za watu, hawazi kuacha. Anawaza kuzirudisha kabla hamjajua. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, kwa hiyo wanaosema ni mgonjwa hawamtetei bure.

Sasa huyo mwenzenu aliyebandika Facebook kitambulisho cha mweka hazina, pamoja na picha ya mama wa mweka hazina! Mama wa watu amekula shilingi ya nani? Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data za mtu. Mwambie azitoe kabla hajaitwa yeye. Na mtu akishaanikwa hivyo atarudi kwenye kile kindege, akitafuta ushindi mmoja wa kuwafunga midomo.

Kwa hiyo mweka hazina abaki kwenye grupu, bila kuwa admini na bila kushika senti. Wanaotaka polisi usigombane nao, ni pesa zao. Wewe uliyesoma naye mpigie simu, usimwandikie ujumbe. Umsindikize hospitali ya Mathari, pale Barabara ya Thika, wanatibu waraibu. Akikataa kwenda, deni liendelee kulipwa vile vile.

Halafu kuna jambo hukuniambia: yule aliyefiwa wiki jana, amepewa chochote? Kama bado, changeni upya leo, mbishane kesho.

Mama yako