Kuhusu hoja ya watazamaji

Kaka, umesema soka la wanawake halina watazamaji, ndiyo maana halina hela. Haya. Uingereza, Desemba 1920, mechi ya wanawake uwanja wa Goodison Park ilijaza watu wapatao 53,000. Mwaka uliofuata chama cha soka cha huko kikawapiga marufuku kucheza kwenye viwanja vya wanachama wake, eti mchezo hauwafai. Marufuku ikakaa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nusu karne! Sasa hapo tatizo lilikuwa watazamaji?

Turudi hapa Tanga. Pita Ngamiani au Makorora jioni, kiwanja chote ni cha wavulana. Mabinti wanapewa saa nane, jua la utosi, mchanga unachoma hata ukivaa raba, na jezi walizoachiwa na timu ya kaka zao zinawafika magotini. Halafu sisi tuliokaa barazani na kahawa zetu tunasema hawana pumzi. Nani ana pumzi saa nane Tanga?

Na bado wapo wanaofika. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wamecheza fainali za Afrika 2010 na tena Morocco 2025. Mwenzao Clara Luvanga yuko klabu ya Al Nassr, Saudia, na kule halipwi kwa huruma.

La mavazi ulilogusia, hijabu FIFA iliiruhusu rasmi tangu 2014, kwa hiyo hilo tuliache. Wewe ni mjumbe wa kamati ya kiwanja, si ndiyo? Wabadilishie mabinti zamu, siku mbili tu kwa wiki waingie saa kumi.