Maswali ya Wasomaji: Ushuru wa Mzigo Ulionunuliwa Mtandaoni

Barua kuhusu forodha zimekuwa nyingi kupita nafasi ya safu hii, kwa hiyo tumechagua chache ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi. Pale ambapo hatukutaja nchi nyingine, majibu yanahusu Tanzania Bara. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatumika katika nchi wanachama, lakini VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na tozo nyingine kila nchi imejiwekea zake: Bara na Uganda VAT ni asilimia 18, Kenya 16, na Zanzibar 15.

Swali: Niliagiza magauni ishirini ya sherehe kutoka kwa muuzaji wa Guangzhou kwa ajili ya duka langu dogo, yakaja kwa meli. Bei yake ilikuwa shilingi 850,000. Niliambiwa ushuru ni asilimia 35 na VAT asilimia 18, nikajumlisha nikapata 53, nikatenga shilingi 450,500. Sasa wakala wa forodha ameniletea karatasi ya shilingi 593,000 kwa ushuru na VAT peke yake, na anasema tozo bado. Je, nimepigwa? *S.K., Mwanza*

Jibu: Dada yetu, kwa nakala za karatasi ulizotuambatishia, hujapigwa. Hesabu yako ilikosea mahali pawili, na ni makosa ambayo karibu kila anayeagiza kwa mara ya kwanza huyafanya.

Kwanza, kwa mzigo wa meli, forodha haitozi bei uliyoiona kwenye simu. Inatoza bei ya bidhaa pamoja na nauli ya meli na bima hadi bandarini. Karatasi zako zinaonyesha nauli ya shilingi 130,000 na bima ya shilingi 20,000, kwa hiyo thamani ya forodha ni shilingi 1,000,000 na si 850,000. Pili, asilimia hizi mbili hazijumlishwi, bali moja hupandishwa juu ya nyingine. Ushuru wa asilimia 35 kwenye milioni moja ni shilingi 350,000. VAT haihesabiwi kwenye milioni ile ya mwanzo, inahesabiwa kwenye milioni moja pamoja na ushuru uliokwisha kuongezwa, yaani shilingi 1,350,000, na asilimia 18 yake ni shilingi 243,000. Ukiziweka pamoja unapata 593,000 ileile aliyokuandikia wakala. Juu yake zitakuja tozo ya maendeleo ya reli, ada ya kushughulikia kadhia (yaani tamko la mzigo linalowasilishwa forodhani), gharama za bandari na malipo ya wakala mwenyewe. Hayo ya mwisho ndiyo ya kupatana naye mapema na kwa maandishi, kwa sababu ushuru umepangwa na sheria lakini malipo ya wakala yanapangwa na wakala.

Utajiuliza kwa nini magauni yatozwe kiasi hicho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina jedwali moja la ushuru kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Kwa miaka mingi lilikuwa na ngazi tatu: sifuri kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa ambazo bado zitaendelea kusindikwa, na 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Tarehe 1 Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35, na humo wakawekwa jamaa wengi wa dukani kwako: nguo, bidhaa za ngozi, samani, mafuta ya kula, vigae. Zaidi ya ngazi hizo ipo orodha ya bidhaa nyeti, na kanga na vitenge vya kutoka nje vimo humo kwa asilimia 50. Nia iliyotangazwa ni kuvilinda viwanda vya kwetu. Kwa maoni ya safu hii ni nia inayoeleweka, ingawa fundi cherehani anayeagiza magauni mawili ya mfano ili aige mshono anatozwa kwa kipimo kilekile cha mwenye makontena.

Swali: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi. Nimesikia kwamba kompyuta mpakato haina ushuru, lakini rafiki yangu aliyeagiza yake pamoja na begi na vikorokoro vingine alilipishwa. Nani mkweli? *J.M., Dodoma*

Jibu: Marahaba. Wote wawili ni wakweli. Kila bidhaa duniani ina msimbo wake wa forodha, na tarakimu sita za mwanzo za msimbo huo ni zilezile Guangzhou, Istanbul au Dar es Salaam, kwa kuwa zinatokana na mfumo mmoja wa Shirika la Forodha Duniani ulioanza kutumika mwaka 1988. Jumuiya yetu imeongeza mbili, zikawa nane. Kompyuta mpakato imo chini ya 8471.30, na ushuru wake wa forodha ni sifuri. Begi la kuibebea lina msimbo wake na ngazi yake, vivyo hivyo spika na kamba za umeme zilizonunuliwa kando. Mzigo mmoja ukiwa na vitu vitano vya aina tano, unatakiwa kuwa na mistari mitano kwenye kadhia.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba sifuri hiyo ni ya ushuru wa forodha peke yake. VAT ni kodi nyingine, ina sheria yake na orodha yake ya misamaha, na bidhaa kusamehewa huku si kusamehewa kule. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipia, mwombe muuzaji akupe msimbo anaoutumia kwenye hati zake, kisha mpelekee wakala au ofisi ya forodha uulize ngazi yake. Jedwali lenyewe linapatikana bure mtandaoni, ila limeandikwa kwa Kiingereza cha kiofisi ambacho hata mzoefu hulisoma akiwa amekunja uso.

Swali: Nimepata lenzi ya kamera kwa muuzaji wa Japani, dola 180. Amejitolea mwenyewe kuandika dola 20 na neno «zawadi» kwenye kifurushi ili nisisumbuliwe. Nimkubalie? *Kijana wa Mbeya*

Jibu: Usimkubalie. Tunajua anataka kukusaidia, lakini atakayeitwa ofisini ni wewe, yeye yuko Japani. Kutoa tamko la uongo kwa forodha ni kosa chini ya kifungu cha 203 cha Sheria ya mwaka 2004, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka mitatu au faini ya dola 10,000 za Marekani. Hatusemi kwamba kila mwenye lenzi hupelekwa mahakamani. Linalotokea mara nyingi ni jepesi zaidi, na bado linauma: ofisa anaitazama lenzi, anaitazama ile dola 20, hazioani, anaikataa thamani hiyo na kutumia bei ya bidhaa inayofanana nayo iliyowahi kuingia, na mzigo unakaa ghalani ukihesabiwa siku wakati mnabishana. Kifurushi kikipotea njiani nako, msafirishaji atakufidia kwa thamani iliyoandikwa, yaani dola 20.

Neno «zawadi» halifungui mlango wowote hapa kwetu. Kitu ulichokilipia si zawadi, na hata kitu ulichopewa bure kwa dhati kina thamani ambayo forodha inaruhusiwa kuitafuta. Wapo pia wenye shida iliyo kinyume na yako, walionunua kwa ofa ya kweli na bei yao ya chini haiaminiki. Hao sheria iko upande wao, kwa sababu msingi wa kwanza wa uthamini ni bei iliyolipwa kweli. Lakini ni lazima ithibitike, kwa hiyo hifadhi ankara, ukurasa wa oda na taarifa ya benki au ya kadi inayoonyesha kiasi kilichotoka. Picha ya skrini yenye bei tu, bila ushahidi kwamba fedha ilihama, huwa haitoshi.

Swali: Mama yangu aliyeko Mombasa alinitumia leso mbili na pakiti ya viungo vya pilau hapa Hamburg. Mara ya kwanza zilifika salama. Mara ya pili aliziagiza kutoka duka la mtandaoni la Mombasa wakanitumia moja kwa moja, nikadaiwa kodi. Kosa ni la nani? *Z.A., Ujerumani*

Jibu: Si kosa la mtu. Umoja wa Ulaya husamehe ushuru na VAT kwa zawadi isiyozidi euro 45, kwa sharti kwamba inatoka kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi, ni ya mara mojamoja, na mpokeaji hakuilipia. Kifurushi cha kwanza kilitimiza hayo. Cha pili aliyekituma ni duka, na ingawa mama ndiye aliyelipa, kwa forodha hayo ni mauzo. Msamaha wa VAT kwa bidhaa ndogo zilizonunuliwa, ambao kikomo chake kilikuwa euro 22, ulifutwa tangu tarehe 1 Julai 2021, na Ujerumani VAT ni asilimia 19. Mwambie mama azipeleke posta mwenyewe, kwenye fomu ya forodha ataje kila kitu kwa jina na thamani yake ya kweli, na aweke alama mahali pa zawadi. Kwa huko ulipo, alama hiyo ina maana.

Swali: Kuna wasafirishaji wanaokusanya mizigo ya watu China wakatoza kwa kilo au kwa mita ya ujazo, kila kitu kikiwa ndani ya bei hiyo. Ni halali? *Mfanyabiashara, Morogoro*

Jibu: Kuchangia kontena ni halali na kumewainua wengi wasioweza kujaza kontena peke yao. La kuangalia ni karatasi. Mara nyingi kadhia huandikwa kwa jina la msafirishaji au la mtu mmoja tu kati ya wenye mizigo, na wewe unabaki na stakabadhi ya kilo zako. Hapo huna hati yoyote inayoonyesha kwamba bidhaa zako zimelipiwa ushuru. Ukiwa umesajiliwa kwa VAT, huwezi kuirejesha ile iliyolipwa bandarini kwa sababu haikulipwa kwa jina lako, na siku ya kukadiriwa kodi ya mapato utapata taabu kuthibitisha gharama ya mali. Vilevile, mwenzenu mmoja akificha kitu kilichokatazwa katikati ya mabegi, kontena zima husimamishwa pamoja na mali ya wasiohusika. Kabla ya kumkabidhi mtu mzigo, muulize kadhia inaandikwa kwa jina la nani na kama utapewa nakala. Akianza kuzungukazunguka, tafuta mwingine.

Swali: Vidonge vya kupunguza mwili vinatozwa ushuru gani? *Msomaji, Arusha*

Jibu: Swali la ushuru ni la baadaye. Dawa zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na vyakula vya nyongeza pamoja na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango. Kulipa ushuru hakukihalalishi kitu kisicho na kibali.

Swali: Nimepokea ujumbe wa simu kwamba kifurushi changu kimezuiliwa uwanja wa ndege na nitume shilingi 185,000 kwa namba fulani ya simu. Sikumbuki kuagiza kitu, lakini kuna rafiki wa ughaibuni niliyejuana naye mtandaoni aliyeahidi kunitumia zawadi. *Dada wa Tanga*

Jibu: Usitume. Kodi ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wa malipo wa serikali, na fedha huingia kwenye akaunti ya serikali, kamwe si kwenye simu ya mtu. Mwombe aliyekuandikia akupe namba ya kadhia na namba ya kifurushi, kisha uliza wewe mwenyewe ofisi ya Mamlaka ya Mapato au ya msafirishaji, kwa namba ya simu uliyoitafuta wewe na si aliyokupa yeye. Na huyo rafiki, dada yetu, ikiwa zawadi yake inasemekana kuwa na dola ndani ya sanduku, basi tumeshausikia mkasa huo mara nyingi, na kila anayelipa mara ya kwanza huletewa ada ya pili.

Swali: Sikubaliani na thamani niliyowekewa. Naweza kufanya nini, na mzigo wangu utakuwa salama kwa muda gani? *R.N., Dar es Salaam*

Jibu: Una haki ya kuomba mapitio. Andika kwa Kamishna wa forodha ndani ya siku 30 tangu ulipopata uamuzi, ueleze sababu na uambatishe ankara, hati ya shehena na ushahidi wa malipo. Naye anapaswa kujibu ndani ya siku 30, na jibu lake lisiporidhisha unaweza kukata rufaa kwenye chombo cha rufani za kodi. Ikiwa umeshalipa na baadaye ikabainika kwamba ulilipa kimakosa, madai ya kurejeshewa yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12.

Saa ya mzigo, hata hivyo, haisimami kwa sababu umeandika barua. Mzigo unatakiwa kutolewa kadhia ndani ya siku 21 tangu kuanza kushushwa, na usipofanya hivyo unaweza kuhamishiwa ghala la forodha, ambako ukikaa bila kuchukuliwa hutangazwa na hatimaye kupigwa mnada. Kwa hiyo muulize ofisa kama unaweza kuutoa kwa kuweka dhamana wakati shauri linaendelea. Barua yako ipeleke mwenyewe masjala, na nakala unayobaki nayo igongwe muhuri wa tarehe ya kupokewa.